Mabano ya Bi Upawa

Pale kwenye jumba la dobi walimwita Redio, na si kwa sababu ya sauti nzuri. Alikuwa anaongea peke yake. Akishasimama mbele ya ile mashine ya kunyoosha mashuka, yenye mapipa mawili ya moto yanayozunguka yakimeza shuka bichi na kulitema upande wa pili likiwa kavu na tambarare, midomo yake haikutulia tena mpaka muda wa kutoka.

"Hapana, Bi Sufuria, leo hutoki," alikuwa akisema huku akiliingiza shuka. Halafu kwa sauti nyingine, nzito kidogo: "Nani wa kunizuia? Wewe?" Kisha tena kwa ile ya kwanza, kwa kiburi: "Mimi."

Wenzake walishazoea. Shangazi, ambaye alikuwa anasimamia mashine za kufulia na ambaye kila mtu alimwita Shangazi, hata msimamizi aliyemzidi umri, alikuwa akipita na kapu la foronya kiunoni na kumtupia neno.

"Redio, leo unatangaza kituo gani?"

"Kilekile, Shangazi."

"Basi punguza sauti, betri itaisha."

Redio hakuwa na wazimu. Alikuwa anayaonja maneno kabla ya kuyaandika. Mfukoni mwa aproni yake kulikuwa na simu mbili, moja nzima na moja yenye kioo kilichopasuka mithili ya utando wa buibui, na ndani ya simu hizo kulikuwa na mji mzima.

Mji huo ulikuwa mchezo. Lakini usifikirie mchezo wa picha, wa magari na bunduki. Huu haukuwa na picha hata moja. Ulikuwa kikundi cha simu tu, watu wasiojuana sura, na kila mmoja alijichagulia mtu wa kuwa. Kulikuwa na Kinyozi. Kulikuwa na Tabibu, aliyetibu kila ugonjwa kwa majani ya kuponda. Kulikuwa na Askari wa Lango, mwoga kuliko kuku. Ukitaka mtu wako aseme, unaandika tu maneno yake. Ukitaka afanye jambo, unalizungushia nyota. Na ukitaka awaze, aseme na nafsi yake, unatia mabano.

Maajabu yote yako kwenye hayo mabano. Kila mchezaji anayasoma, lakini mjini hakuna anayeyasikia! Kinyozi akiandika (Askari huyu ana akili za kiroboto), mwenye Askari atayasoma huko kwao, atacheka au atasaga meno, halafu itambidi aandike: *anatabasamu* Habari za asubuhi, Kinyozi. Hiyo ndiyo sheria. Ni kama darasa ambalo kila mwanafunzi anasema na moyo wake kwa sauti ya juu, na darasa zima limekubaliana kujifanya viziwi.

Sheria nyingine zilikuwa chache. Kilichoandikwa kimetokea, hakifutwi. Anayekaa kimya muda mrefu huhesabiwa amehama, na nyumba yake hupewa mwingine. Na mtu mmoja ni mtu mmoja: kuchezesha watu wawili kuliitwa kuvaa kofia mbili, na adhabu yake ilikuwa kutolewa nje ya lango. Aliyesimamia sheria hizi alijiita Mwenye Mji. Wengine walisema ni mwalimu mstaafu. Wengine walisema ni msichana wa sekondari. Hakuna aliyejua, na hilo nalo lilikuwa raha yake.

Aliyemwingiza Redio mchezoni alikuwa dada yake mkubwa. Wakati huo walikuwa wakiishi chumba kimoja na kufanya kazi pamoja palepale kwa dobi, na kazi yao kubwa ilikuwa kukunja. Shuka pana la kitanda hukunjwa na watu wawili. Mmoja anashika pembe mbili, mwenzake pembe mbili, mnarudi nyuma mpaka linyooke, mnalipiga mpigo mmoja lipate hewa, mnasogeleana, mnapeana pembe, mnaachana tena. Ukilitazama kwa mbali utadhani ni ngoma. Na huku wakisogeleana na kuachana, wawili hawa walikuwa wanapanga mambo ya mjini. Walikuwa na nyumba ya wageni kule, yenye mlango wa kijani. Dada alikuwa Bi Sufuria, mwenye kelele na amri. Redio alikuwa Bi Upawa, mdogo wake, mkorogaji. Walikuwa wakigombana tangu asubuhi mpaka jioni, na mji mzima ulikuja kula pale ili kuwasikiliza tu.

Sasa Dada hayupo. Na aliyemfukuza ni mabano.

Siku ile, kazini, Dada alikuwa amempangia Redio kila kitu. Amepanga avae nini, amepanga waende wapi mwisho wa juma, amepanga hata aache kuongea peke yake, maana watu wanamcheka. Redio aliendelea kukunja. Jioni chumbani, aliposhika simu yake, Bi Upawa akaingia jikoni na kuwaza:

(Kila kitu anataka kupanga yeye. Anapanga mpaka watu wanachoka, wanatoroka. Yule aliyetoroka alijua anachokikimbia.)

Watu wa mjini hawakuelewa. Bi Sufuria hakuwahi kutorokwa na mtu. Bi Sufuria hakuwa hata na mume. Lakini Dada alikuwa naye, na mume huyo alitoka asubuhi moja na shati la kazini, akaaga vizuri kabisa, na hakurudi tena.

Dada alikuwa amekaa kitandani na simu yake mkononi. Redio aliona uso wake ukibadilika.

"Haya ni maneno ya nani?" Dada aliuliza.

"Ya Bi Upawa. Anamsema Bi Sufuria. Na hata hivyo yako kwenye mabano, Dada, hakuna aliyesikia!"

"Bi Sufuria hana mume."

"Ni mchezo tu."

"Umeniandika mimi," Dada alisema. "Ungenitukana mdomoni ningekupiga kofi, tungelia, tungelala. Umekwenda kuniandika mbele za watu, halafu unaniambia nisisikie."

Alihama siku chache baadaye, na kazi akabadilisha. Ile simu iliyopasuka, ambayo alikuwa anaitumia kwa mchezo tu, aliiacha juu ya godoro pamoja na chaja yake ya zamani, ile ya pini nyembamba ambayo siku hizi haipatikani madukani. "Kaa nayo," alisema mlangoni. "Ujijibu mwenyewe." Tangu hapo Redio akimpigia, simu inaita mpaka inachoka.

Basi alifanya nini? Alijijibu mwenyewe. Mwanzoni ilikuwa ili nyumba ya mlango wa kijani isije ikapewa mtu mwingine. Bi Sufuria akihesabiwa amehama, Dada akitaka kurudi atarudi wapi? Redio akaishika ile simu iliyopasuka na kumfanya Bi Sufuria aseme "Habari zenu". Siku ya pili akamfanya akemee wageni. Siku ya tatu akashindwa kujizuia. Akamfanya Bi Sufuria amwambie Bi Upawa: Yamekwisha, mdogo wangu. Nimekusamehe.

Aliyasoma maneno hayo kwenye simu nyingine, kwa macho ya Bi Upawa, na kwa dakika moja moyo ulimtulia. Kisha ukaanza upya kumtambalia kama sisimizi. Kesho yake akasamehewa tena. Na kesho kutwa. Kila siku alisamehewa kwa maneno mapya, na kila siku alihitaji zaidi. Kazini akawa hatulii. Atakunja, ataacha, atakwenda mlangoni kuangalia barabara, atarudi, atatoa simu, atairudisha. Foronya moja ilimfia chini ya pasi huku akitafuta neno zuri la huruma.

"Wee Redio!" Shangazi alipiga kelele. "Unapika au unapiga pasi?"

Na mashuka alikuwa anayakunja peke yake. Wenzake walikuwa na jozi zao. Alikuwa ananyanyua mikono, anabana katikati ya shuka kwa kidevu, anazileta pembe pamoja, anaachia. Linakunjika, lakini likikunjika hivyo, pale katikati hubaki kialama kidogo cha kushinikizwa. Wagonjwa wa hospitali, ambako mashuka mengi yalikuwa yanakwenda, hawakuwahi kulalamika.

Kosa lilitokea asubuhi yenye mvuke mwingi, mikono imelowa, simu zote mbili zimetolewa. Redio alikuwa amemwandikia Bi Sufuria maneno matamu kuliko yote ya nyuma. Akabonyeza. Alipotazama vizuri, alikuwa ameyatuma kwenye simu nzima, ile ya Bi Upawa.

Hivyo pale mjini, ukumbini, wageni wakiwa wanakula, Bi Upawa alisimama katikati na kusema:

Mdogo wangu kipenzi, ya nyuma tuyasahau. Njoo nikukumbatie. *anafungua mikono, anamkumbatia kwa machozi*

Anamkumbatia nani? Hakukuwa na mtu! Kinyozi ndiye aliyekuwa wa kwanza.

*anashusha kijiko taratibu* Bi Upawa... kuna mtu hapo?

Redio alitaka kufuta, akakumbuka hakifutwi. Akashika simu ya pili harakaharaka na kumleta Bi Sufuria, akidhani anaokoa jahazi:

Mdogo wangu, unaongea na nani?

Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Sasa hata dada yake wa mchezo alikuwa anashuhudia. Askari wa Lango alipanda juu ya meza. Tabibu alifika mbio, akaponda majani, akaamuru mgonjwa asitazame kioo wala maji yaliyotulia. Mtu mmoja alipendekeza kamba. Dirisha la nyumba ya wageni lilijaa vichwa. Mji ulikuwa haujapata burudani ya namna ile kwa muda mrefu, na kila mtu aliandika kwa furaha, na kila mstari ulimchoma Redio kama cheche. Bi Upawa wake, mchangamfu, mwenye majibu ya papo kwa papo, sasa alikuwa kichaa wa mji anayeongea peke yake.

Lakini Mwenye Mji hakucheka. Aliandika bila nyota wala mabano, nje ya hadithi kabisa: "Kesho muda wa chakula cha mchana, Bi Sufuria na Bi Upawa mje uwanjani. Nitawauliza maswali. Nataka majibu yenu yaje kwa pamoja."

Alikuwa ameshanusa zile kofia mbili.

Redio alitembea chumbani kutoka ukutani hadi mlangoni mpaka jirani akagonga. Akishindwa, wote wawili watatolewa. Kwa Bi Upawa hakusikitika sana. Lakini Bi Sufuria? Bi Sufuria alikuwa kitu pekee cha Dada kilichobaki mahali ambapo Redio aliweza kukifikia. Akimpoteza huyo, atabaki na simu inayoita mpaka inachoka.

Mchana uliofuata alimvuta Shangazi pembeni, nyuma ya rundo la mashuka makavu, akamkabidhi simu iliyopasuka.

"Nikisema sasa, bonyeza hapa tu, Shangazi."

"Nikibonyeza nini kitalipuka?"

"Hakuna kitakacholipuka."

"Na huyu Sufuria ni nani yako?"

"Ni dada."

"Yule aliyehama?" Shangazi alimtazama juu ya miwani. "Mwanangu, dada yako yuko hospitalini kule, stoo ya mashuka. Gari letu linakwenda kwake kila siku ya Mungu. Unamtafuta humu ndani kwa nini?"

Swali la kwanza lilikuwa limeingia. Mlango wa nyumba yenu una rangi gani? Aliandika kwenye simu zote mbili. "Sasa!" Shangazi akabonyeza, akafumba macho akingoja mlipuko. Kijani. Kijani. Watu wa mjini walishangilia. Askari alishuka mezani.

Swali la pili lilikuwa la Bi Sufuria peke yake.

"Siku ulipoingia mjini ulininong'oneza sababu ya kufungua nyumba ya wageni. Uliniambia mimi tu. Nikumbushe."

Ujumbe wa faragha Dada aliufuta wote kabla ya kuondoka. Akaichukua simu iliyopasuka kutoka mkononi mwa Shangazi na kuanza kubuni. Nilifungua nyumba hii kwa sababu napenda wageni. Akafuta. Nilifungua ili nisisahau mapishi ya mama. Hilo lilikuwa zuri. Lilikuwa zuri mno, lingeweza hata kupita. Mwenye Mji huenda asingekumbuka neno kwa neno.

"Andika chochote," Shangazi alisema. "Chakula kinapoa."

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Dada alikuwa na sababu yake. Aliwahi kuwa na sababu, akamnong'oneza mtu asiyemjua, na Redio, aliyekuwa akilala naye godoro moja, hakuwahi kumuuliza.

"Siwezi, Shangazi. Hii siijui. Huyu si mimi."

"Kumbe ulikuwa hujui hilo?" Shangazi alisema, akajipatia sahani yake na kuondoka.

Redio akaweka chini simu iliyopasuka. Kwenye simu yake nzima aliandika bila nyota, bila mabano:

"Kofia zote mbili ni zangu. Bi Sufuria wa kweli ni dada yangu. Aliondoka kwa sababu ya maneno niliyoyaweka kwenye mabano. Tangu aondoke namsemea. Nitolewe mimi. Yeye hakuvunja sheria yoyote, naomba nyumba yake isipewe mtu."

Kikundi ambacho hakikosi kelele hata alfajiri kilikaa kimya, na Redio alisikia mapipa ya mashine yakizunguka matupu. Kisha Mwenye Mji aliandika: "Bi Upawa atoke leo. Nyumba ya kijani itamngoja mwenyewe kwa muda uleule wa kila mtu."

Askari wa Lango alifungua lango. Hakutania. Kinyozi alivua kofia. Langoni palikuwa na jiwe, na juu ya jiwe hilo aliketi mtu mmoja aliyejiita Mpitaji, ambaye aliingia mjini majuma kadhaa nyuma na hakuwahi kutamka neno. Watu walishamzoea kama wanavyozoea nguzo. Bi Upawa alimpita. *anatoka bila kugeuka*, Redio aliandika, na jina lake likaondolewa kwenye orodha ya wanaoweza kuandika. Kusoma aliachiwa. Sijui kama hiyo ilikuwa huruma au adhabu.

Hakumaliza chakula. Gari la mashuka lilikuwa linapakiwa, na alimwomba dereva nafasi.

"Kaa nyuma na mizigo," dereva alisema. "Mbele kuna friji ya bosi."

Akakaa gizani juu ya mafurushi, akirushwa kila tuta, simu iliyopasuka kifuani na chaja mfukoni. Njiani alijaribu kuandaa maneno kwa sauti, kama kawaida yake. Akianza kumjibia Dada anajiziba mdomo kwa kiganja. Akianza tena, anajiziba tena.

Stoo ya mashuka ilikuwa chumba kirefu chenye rafu hadi darini na taa moja nyeupe. Dada alikuwa amesimama mwisho wa chumba, kalamu nyuma ya sikio, akiwaambia wapakuaji furushi gani liende wapi. Alimwona. Hakushtuka hata kidogo.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Umekuja na mizigo au umekuja mzigo wewe mwenyewe?"

"Nimekuletea simu yako."

"Niliiacha."

"Najua. Nimeitumia vibaya. Nimeandika mambo..."

"Nimeyasoma."

"Umeyasoma wapi?"

"Wewe unadhani mji ule una ukuta? Niliingia kwa jina jingine, nikakaa langoni kwenye jiwe. Nimekaa mpaka makalio ya mchezo yameota sugu." Dada alivuta furushi, akalifungua kwa hasira. "'Mdogo wangu kipenzi.' Mimi? Lini mdomo huu umetamka kipenzi? 'Njoo nikukumbatie.' Umenigeuza kadi ya harusi!"

Mpakuaji mmoja alicheka, akatazamwa, akaacha.

"Nilitaka turudi kama zamani," Redio alisema.

"Nimesoma kila siku. Nasamehe. Kesho nasamehe. Kesho kutwa nasamehe na machozi juu. Nikawa najiuliza, huyu ananisamehesha nini? Maana sijaona hata siku moja Bi Upawa ameomba."

Redio akatafuta kumbukumbuni, siku moja baada ya nyingine, mstari mmoja baada ya mwingine, zile sentensi zote alizozichonga mbele ya mashine. Ilikuwa kweli. Alikuwa ameandika msamaha wa kila rangi, na ombi hakuliandika. Lile lilikuwa fungu lake mwenyewe, halikuhitaji simu ya pili, na ndilo alilolisahau.

"Nisamehe, Dada," alisema. Hakuwa amelifanyia mazoezi, na lilitoka kwa sauti ya ajabu, nyembamba. "Yale ya mume wako. Hukumfukuza. Nilijua hukumfukuza, na niliandika. Niliandika kwa sababu nilijua utasoma."

Dada alichomoa shuka moja kwenye furushi, akalitikisa likafunguka lote.

"Shika huko."

Redio akashika pembe zake mbili. Walirudi nyuma, shuka likanyooka kati yao, na katikati yake, chini ya ile taa nyeupe, palikuwa na kialama.

"Kidevu," Dada alisema. "Kila siku yanakuja na alama ya kidevu. Hao wenzako wote hawana mikono?"

"Wana jozi zao."

Walilipiga mpigo mmoja. Walisogeleana, wakapeana pembe, vidole vikagusana, wakaachana. Walipomaliza la kwanza Dada alichomoa la pili. Redio alishindwa kuvumilia.

"Umenisamehe?"

"Nimekusikia."

"Lakini umeni..."

"Nimesema nimekusikia! Usiniandikie mengine."

Nje dereva alipiga honi. Dada alipokea simu iliyopasuka, akaiwasha, akaitazama pembeni pale juu panapoonyesha chaji.

"Na chaja?"

Redio alitia mkono mfukoni mwa aproni. Mkono ulikaa humo kidogo.

"Nimeisahau, Dada."

"Unasahau kila kitu wewe. Itazima hii. Haya nenda, dereva atakuacha."

Jioni ile, jumba la dobi likiwa limebakiza mashine moja inayozunguka, Redio alikuwa hajui mikono yake aiweke wapi. Aliingiza shuka, akaenda mlangoni, akarudi. Mdomo wake ulikuwa kimya, jambo lililomtia Shangazi wasiwasi kuliko kelele zote za nyuma.

"Redio, umekatika umeme?"

"Nasubiri, Shangazi."

Simu ilitikisika. Mjini, Mpitaji alikuwa amehama na jiwe la langoni lilikuwa tupu, na ndani ya nyumba yenye mlango wa kijani Bi Sufuria alikuwa ameingia. Hakuwasalimu wageni. *anapangusa meza kwa nguvu kuliko inavyohitajika* Kinyozi, ondoa kofia juu ya meza yangu, hapa ni kwa watu wanaokula. Kila mtu alitambua. Hakuna aliyemwandika Bi Sufuria namna ile tangu zamani. Kinyozi aliondoa kofia kwa furaha kama mtu aliyepewa zawadi.

Kisha yakaja mabano.

(Mwenye Mji aliniuliza kwa nini nafungua nyumba ya wageni. Nilimwambia nina mdogo wangu anayeongea peke yake siku nzima. Nataka awe na mahali ambapo mtu anamjibu.)

Redio alisoma akiwa amesimama, mgongo kwenye mashine yenye moto, bila kuhisi moto. Hakuweza kuandika kitu. Bi Upawa alikuwa nje ya lango, hana mdomo tena. Redio alifungua wake mwenyewe na kujibu kwa sauti, kuelekea simu, kuelekea mapipa, kuelekea ukuta, "Nipo, Dada, nipo hapa," na wenzake wawili waliokuwa wanakunja waligeuka na kumtazama, kisha wakaendelea.

Simu ilitikisika tena.

(Chaji inakata. Nakuja kuchukua ile chaja. Na asiniambie tena ameisahau, niliiona imetokeza mfukoni.)

Chini yake, baada ya kitambo, Kinyozi alikuwa ameketi kwenye kona yake, akijifanya hakusikia neno, kama sheria inavyotaka.

*anakuna kichwa* (Chaji ni nini?)

Redio alivua aproni, akaivaa tena, akaitoa chaja na kuusokota waya wake vizuri, akausokotoa, akaenda kusimama mlangoni.